Somo la Hesabu za Chama: Jinsi ya Kusoma Grafu ya Jumla Limbikizi

Katika ofisi za vyama vya msingi vya pamba, kutoka Kishapu na Kahama hadi Bukombe na Geita, si ajabu kukuta karatasi ya miraba iliyobandikwa ukutani, ikionyesha pamba iliyopokelewa tangu msimu wa ununuzi ulipofunguliwa. Mstari wake huanzia chini kushoto na kupanda kuelekea juu kulia. Mwanachama mmoja huingia, huutazama, huona unapanda, akaridhika na kwenda zake. Mwingine huja siku za mwisho za msimu, huona mstari umelala, akakasirika na kusema kwamba chama kimezembea. Wote wawili wametazama karatasi ile ile na wote wawili wamekosea, kwa sababu wameusoma mstari wa jumla kana kwamba ni mstari wa mapokezi ya kila wiki.

Kosa hilo huonekana dogo mpaka siku ya mkutano mkuu. Hapo ndipo huulizwa: "Kilo zilizopungua zimekwenda wapi?" Mkutano usiojua kusoma karatasi yake unaweza kumfukuza mtunza ghala asiye na hatia, ukaiacha mizani mbovu iendelee kuwapunja wanachama msimu unaofuata. Somo hili linahusu namna ya kuzuia jambo hilo. Halihitaji elimu zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Maana ya jumla limbikizi

Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba walikwisha kuifahamu jumla limbikizi kabla ya karatasi za miraba kufika katika nchi hii. Haba ni kilo za wiki moja. Kibaba ni kilo zote zilizokwisha kuingia tangu siku ya kwanza. Kila wiki haba mpya humiminwa juu ya zile zilizokuwamo.

Na lichukuliwe ghala la chama cha mfano ambacho msimu wake ulidumu wiki nane. Kilo zilizopokelewa kila wiki, na jumla limbikizi yake, ni hizi:

Wiki ya 1: kilo 2,000, jumla 2,000
Wiki ya 2: kilo 5,000, jumla 7,000
Wiki ya 3: kilo 9,000; jumla 16,000
Wiki ya 4: kilo 12,000, jumla 28,000
Wiki ya 5: kilo 10,000, jumla 38,000
Wiki ya 6: kilo 6,000, jumla 44,000
Wiki ya 7: kilo 3,000, jumla 47,000
Wiki ya 8: kilo 1,000, jumla 48,000

Katika kuchora, wiki huandikwa kwenye mhimili wa kulala na kilo kwenye mhimili wa kusimama. Mhimili wa kusimama uanzie sifuri. Wako wanaouanzia kilo 30,000 ili kuokoa karatasi, na matokeo yake ni kwamba ongezeko dogo la wiki za mwisho huonekana kama mlima. Nukta ya kila wiki iwekwe mwisho wa wiki hiyo, si katikati yake, kwa maana jumla ya 7,000 haikuwapo ghalani siku ya Jumatano; ilikamilika wiki ilipofungwa. Nukta ya kwanza kabisa ni sifuri, mwanzo wa wiki ya 1. Kisha nukta zote huunganishwa kwa rula.

Mstari wa namna hii hauwezi kushuka. Wiki ambayo hakuna mkulima hata mmoja aliyeleta pamba, mstari hulala sawa na ardhi, lakini haurudi chini, kwa sababu pamba iliyokwisha kupokelewa haiwezi kuwa haikupokelewa. Ukionekana umeshuka, katibu asiwaulize wakulima, aiulize kalamu yake: huenda ameandika kilo za wiki mahali pa jumla. Hali moja tu ndiyo huruhusu mstari kushuka, nayo ni pale stakabadhi iliyokosewa inapofutwa; na hapo maelezo yaandikwe pembeni ya nukta hiyo, pamoja na namba ya stakabadhi na sahihi.

Kusoma mwinuko

Habari ya wiki haimo katika urefu wa mstari. Imo katika mwinuko wake, yaani ukali wa kupanda kutoka nukta moja hadi nyingine. Mwinuko hupatikana kwa kugawanya kilo zilizoongezeka kwa idadi ya wiki zilizopita. Kati ya mwisho wa wiki ya 3 na mwisho wa wiki ya 4 mstari umepanda kutoka 16,000 hadi 28,000, yaani kilo 12,000 kwa wiki moja. Hapo ndipo palipo na mwinuko mkali kuliko pote. Kati ya wiki ya 7 na ya 8 umepanda kilo 1,000 tu. Mstari uko juu zaidi mwishoni, na hali kazi mizanini imekaribia kwisha.

Basi mwanachama yule aliyekasirika alikasirika bure. Mstari unaolala mwishoni mwa msimu ni dalili kwamba mashamba yamekwisha kuvunwa. Mstari wa kuutilia shaka ni ule unaolala mapema, katika wiki ya 3 au ya 4, wakati pamba bado imejaa majumbani. Huo una neno la kusema: huenda fedha za ununuzi zimechelewa, huenda mifuko imekwisha, huenda wakulima wamepata mnunuzi wa usiku.

Kuna jambo lingine ambalo mstari huu hulijibu vizuri kuliko orodha ya tarakimu. Katibu hutakiwa kueleza mapema fedha zitahitajika lini. Robo ya kilo 48,000 ni 12,000. Katibu na aweke rula kwenye 12,000 juu ya mhimili wa kusimama, aende kulia mpaka akutane na mstari, kisha ashuke moja kwa moja hadi kwenye mhimili wa wiki. Ataangukia baada kidogo ya katikati ya wiki ya 3. Afanye vivyo hivyo kwa robo tatu, yaani kilo 36,000. Ataangukia karibu na mwisho wa wiki ya 5. Kati ya nukta hizo mbili ni siku kama 16, na katika siku hizo 16 imeingia nusu nzima ya pamba ya msimu. Ikiwa bei ni shilingi 1,200 kwa kilo (bei hii imewekwa kwa ajili ya kukokotoa tu, bei halali ni ile inayotangazwa kila msimu), kilo 24,000 zinahitaji shilingi 28,800,000. Chama kilichogawa fedha zake sawasawa kwa wiki nane kitakuwa kimewatengea wakulima wa siku hizo kiasi kidogo mno, na mkulima aliyerudishwa nyumbani na mzigo wake kichwani hasahau.

Katika kushusha rula namna hiyo ipo dhana iliyojificha, kwamba pamba iliingia kwa usawa kila siku ya wiki. Kwa kawaida si kweli kabisa. Siku ya mnada huwa na foleni kuliko siku nyingine. Kwa hiyo jibu la siku 16 ni la kukadiria, wala lisitumike kugombania siku moja.

Mistari miwili juu ya karatasi moja

Mstari mmoja hueleza kazi. Mistari miwili ndiyo hueleza amana. Juu ya karatasi ile ile uchorwe mstari wa pili: jumla limbikizi ya pamba iliyopokelewa kiwandani, kwa mujibu wa hati zilizotolewa na kiwanda cha kuchambua pamba. Mstari huu hukaa chini ya ule wa kwanza, maana haiwezekani kupeleka kiwandani pamba ambayo haijapokelewa. Nafasi ya wima kati ya mistari hiyo miwili, siku yoyote itakayochaguliwa, ni pamba inayopaswa kuwa mikononi mwa chama.

Hapa ndipo kanuni ndogo inapoingia. Wengi huziogopa kanuni kwa sababu ya herufi zake, na hali kanuni ni sentensi iliyofupishwa. Na P iwe jumla ya kilo zilizopokelewa, K jumla ya kilo zilizothibitishwa na kiwanda, G kilo zilizohesabiwa na kupimwa ghalani, na U upungufu. Sentensi "upungufu ni kile kilichopokelewa, ukiondoa kilichofika kiwandani, ukiondoa kilichopo ghalani" huandikwa hivi:

U = P − K − G

Sentensi hiyo hiyo ikigeuzwa husema ghala linapaswa kuwa na nini: G = P − K − U. Mtu anayejua kuigeuza sentensi amekwisha kujua kuigeuza kanuni.

Chama cha mfano kilipeleka malori kumi na mawili, kila moja likipimwa kilo 4,000 kwenye mizani ya chama. Wiki ya 1 halikwenda lori. Wiki ya 2 lilikwenda moja, wiki ya 3 mawili, wiki ya 4 mawili. Wiki ya 5 barabara haikupitika na halikwenda lori lolote. Wiki ya 6 yalikwenda matatu, wiki ya 7 mawili, wiki ya 8 mawili. Mwisho wa msimu ghala lilikuwa tupu, na hati za kiwanda zilionyesha kilo 47,400. Kwa hiyo U = 48,000 − 47,400 − 0 = 600.

Kilo 600, kwa bei ya mfano, ni shilingi 720,000. Taarifa ya mwaka ikisomwa bila karatasi nyingine yoyote, mkutano utamtazama mtunza ghala. Naye hana la kujitetea, kwa maana tarakimu moja ya mwisho wa msimu haisemi kitu kilichotokea katikati.

Lakini chama hiki kilikuwa na desturi njema ya kupima mabaki ya ghala kila Jumamosi, mbele ya mjumbe mmoja wa Bodi. Mwisho wa kila wiki kanuni ilitumika, na upungufu ukaandikwa kama jumla limbikizi ya tatu. Mwisho wa wiki ya 4, kwa mfano, P ilikuwa 28,000, K ilikuwa 19,750 na G ilikuwa 8,000. Upungufu, kilo 250. Wiki zote zikifanyiwa hivyo matokeo ni haya:

Wiki ya 1: kilo 0
Wiki ya 2: kilo 50
Wiki ya 3: kilo 150
Wiki ya 4: kilo 250
Wiki ya 5: kilo 250
Wiki ya 6: kilo 400
Wiki ya 7: kilo 500
Wiki ya 8: kilo 600

Msomaji na asimame kwenye wiki ya 5. Katika wiki hiyo ghala lilikuwa na kilo 18,000, nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa msimu. Kama kuna mtu aliyekuwa akichota pamba usiku, hiyo ndiyo ilikuwa wiki yake. Kama pamba ilikuwa ikipungua uzito kwa kukauka, hiyo ndiyo wiki ambayo ingekauka zaidi. Na bado mstari wa upungufu haukupanda hata kilo moja. Ulipanda tu wiki ambazo lori liliondoka, na ulipanda kilo 50 kwa kila lori: moja 50, mawili 100, matatu 150.

Mtunza ghala amekwisha kujitetea bila kufungua kinywa. Upungufu hauko ghalani. Uko kati ya mizani mbili. Dereva na utingo wake nao huweza kufikiriwa, lakini mwizi hana desturi ya kuchukua kilo 50 kila safari bila kuzidisha wala kupunguza. Usawa wa namna hii ni tabia ya kipimo. Kama lori lilibeba mizigo 100 ya kilo 40, basi kilo 50 ni nusu kilo kwa kila mzigo, kiasi kinachokaribiana na uzito wa kitu cha kufungia pamba ambacho mpimaji wa chama hakukiondoa. Au mizani ya chama inazidisha. Au mizani ya kiwanda inapunguza. Jiwe la uzito unaojulikana, likiwekwa juu ya mizani zote mbili siku moja, hutoa jibu. Na mizani yenyewe ionekane ina alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo.

Sasa na ufikiriwe chama cha pili, jirani wa kile cha kwanza, chenye pamba ile ile na malori yale yale, na ambacho pia kimemaliza msimu kikipungukiwa kilo 600. Mstari wake wa upungufu ulikuwa sifuri kwa wiki nne, ukaruka hadi 600 katika wiki ya 5, kisha ukalala mpaka mwisho. Hapo mizani haina kosa. Kuna tukio la wiki moja, tena wiki ambayo hakuna gari lililotoka. Bodi ifungue vitabu vya wiki hiyo tu: stakabadhi zilizoandikwa siku hizo, majina yaliyolipwa, funguo zilikuwa kwa nani. Stakabadhi iliyoandikwa pasipo pamba hupandisha P bila kupandisha G, na kwenye karatasi huonekana sawasawa na pamba iliyoibwa. Fedha zimekwenda, pamba haijapata kuwapo.

Vyama viwili, upungufu mmoja, taarifa mbili za mwaka zinazofanana kwa kila tarakimu. Kimoja kinahitaji fundi wa mizani na kingine kinahitaji mkaguzi. Bila kipimo cha kila Jumamosi hakuna awezaye kuvitofautisha. Inafaa kusemwa wazi kwamba chama kisichopima ghala kila wiki kwa kisingizio cha wingi wa kazi kinajinyima ushahidi siku ile kitakapouhitaji.

Habari ya mizani si ngeni katika nchi ya Wasukuma na Wazinza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla ya vyama kuwa na nguvu, wakulima waliokuwa wakilalamikia kupunjwa na wafanyabiashara walianza kuweka mizani zao wenyewe ili kupima mzigo kabla haujafika kwenye mizani ya mnunuzi. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo iliyowapa hoja. Kutokana na vuguvugu hilo vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa meneja wake. Mwaka 1968 shirikisho hilo liligeuzwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Vyama vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Majina na sheria vimebadilika mara nyingi; tofauti kati ya mizani mbili bado hutafutwa kwa kutoa namba ndogo katika namba kubwa.

Kanuni zinazokosewa mara kwa mara

Ya kwanza ni wastani wa bei. Chama kimepokea kilo 45,000 za pamba safi na kilo 3,000 za pamba fifi. Safi imelipwa shilingi 1,200 na fifi shilingi 600, bei za mfano. Katibu mwenye haraka hujumlisha 1,200 na 600, akagawanya kwa mbili, akapata 900, kisha akazidisha kwa kilo 48,000 na kupata shilingi 43,200,000. Malipo halisi ni 45,000 × 1,200 = 54,000,000, na 3,000 × 600 = 1,800,000; jumla shilingi 55,800,000. Wastani wa kweli ni 55,800,000 ÷ 48,000 = shilingi 1,162.50 kwa kilo. Tofauti ya shilingi milioni 12.6 imezaliwa na kusahau kwamba kilo za safi ni nyingi mara kumi na tano kuliko za fifi. Bei mbili haziwezi kugawanywa kwa mbili isipokuwa kilo zake zikiwa sawa.

Ya pili ni ya nyuzi na marobota. Katika pamba yenye mbegu, nyuzi ni kama theluthi moja au zaidi kidogo. Mbegu ndizo nyingi. Kwa kiwango cha asilimia 35, kilo 47,400 hutoa 47,400 × 0.35 = kilo 16,590 za nyuzi. Robota la siku nyingi la ratili 400 ni kilo 181, na ndiyo sababu ya namba hiyo kuonekana ya ajabu. 16,590 ÷ 181 ni marobota 91, na kilo 119 zikabaki. Mwanachama anayeuliza kwa nini tani 47 za pamba zimetoa tani 16 tu za nyuzi hajaibiwa, ila aonyeshwe pia hesabu ya mbegu.

Kwa wachimbaji wadogo

Katika ukanda wa Geita, Mbogwe na Kahama wako wanachama wenye shamba la pamba upande mmoja na hisa katika duara upande mwingine. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966 na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000, lakini wachimbaji wadogo wana vikundi na vyama vyao, na soko la dhahabu lilifunguliwa mjini Geita mwaka 2019. Kwao mistari miwili ya kuchora ni gharama na mapato.

Chama cha wachimbaji kinatumia shilingi 600,000 kila wiki kwa magogo, chakula, mafuta ya pampu na ujira. Wiki sita za kwanza ni za kuchimba tu. Kuanzia wiki ya 7 mawe yanakwenda kwenye karasha, na dhahabu inaleta shilingi 1,000,000 kila wiki. Wanahisa huanza kusherehekea wiki ya 7, na kwa kuutazama mstari wa mapato peke yake hawana kosa: unapanda kwa ukali kuliko ule wa gharama. Lakini mwisho wa wiki ya 12 gharama zimefika 7,200,000 na mapato 6,000,000. Nafasi kati ya mistari, shilingi 1,200,000, bado ni deni, na mwanachama anayedai kugawana faida siku hiyo anadai kugawana fedha za mdai wa chama.

Mistari itakutana lini? Na w iwe idadi ya wiki. Gharama ni 600,000 × w. Mapato ni 1,000,000 × (w − 6), kwa maana wiki sita hazikuwa na mapato. Siku ya kukutana vitu hivyo viwili ni sawa; ukipunguza pande zote mbili unabakiwa na 400,000 × w = 6,000,000, hivyo w = 15. Mwisho wa wiki ya 15 kila upande umefika 9,000,000. Faida huanza wiki ya 16, ikiwa mwamba utaendelea kutoa kama ulivyotoa. Pamba hufuata majira. Dhahabu haijaahidi mtu kitu, na kuurefusha mstari mbele ya nukta ya mwisho ni kukisia.

Neno moja lahitaji tahadhari katika mazungumzo na wachimbaji. Vitabu vya hisabati huita idadi ya mara ambazo jambo hutokea "marudio", na jumla yake "marudio limbikizi". Kwa mchimbaji wa Geita marudio ni mchanga uliokwisha kupita kwenye mwalo na bado una dhahabu ndani yake. Mwalimu asipoeleza anazungumzia marudio yapi, nusu ya darasa itakuwa inakokotoa bei ya mchanga.

Zoezi

Chama cha tatu kina jumla limbikizi za wiki tano zifuatazo. Kila lori, kwa mizani ya chama, hubeba kilo 4,000, na wiki ya 4 halikwenda lori.

Zilizopokelewa (P): 3,000, 9,000, 17,000, 23,000, 26,000
Zilizothibitishwa na kiwanda (K): 0, 3,950, 11,850, 11,850, 19,750
Zilizopimwa ghalani (G): 3,000; 5,000; 5,000; 10,700; 5,700

Katibu achore mistari ya P na K juu ya karatasi moja, na mstari wa U juu ya karatasi ya pili. Wanachama wakae wawili wawili, na tarakimu zisomwe kwa sauti kwa ajili ya wasioona vizuri. Kisha mkutano ujibu: upungufu wote ni kilo ngapi? Ni kilo ngapi kati ya hizo ambazo fundi wa mizani anaweza kuulizwa, na ni ngapi ambazo hawezi? Na vitabu vya wiki ipi vifunguliwe kwanza, mbele ya nani?